Wakwe wa Masalu

Philomena aliletwa mjini kwa sababu ya mguu. Aliteleza kisimani, daktari akamfunga plasta mpaka gotini na kumwambia akae wiki sita bila kushika jembe. Kwa kuwa kijijini hakuna aliyeamini kwamba angekaa, mjukuu wake Aneth akamchukua mpaka mtaa wa Kambarage, kwenye duka lake la fotokopi, akamweka kwenye kiti, mguu juu ya boksi la karatasi. Siku ya kwanza bibi alisalimia wateja. Siku ya pili aliwauliza mambo yao ya nyumbani. Siku ya tatu Aneth alimfungulia gemu kwenye kompyuta, ili wateja wapumzike.

Gemu lilikuwa limewekwa na Januari, fundi simu wa kibanda cha jirani, kijana aliyekuwa akimposa Aneth kwa maneno matamu na mifuko mitupu. Lilihusu watawala wa zamani huko Ulaya, wa enzi za panga na farasi. Unachagua mtawala, unamwoza, unamlisha, unampigania. Akinyang'anywa nchi, mchezo umekwisha na hakuna kurudi nyuma.

"Chagua mfalme, Bibi," alisema Aneth. "Huyu hapa ana dhahabu nyingi."

"Mwenye dhahabu ananihitaji mimi wa nini? Nipe maskini."

Januari akamwonyesha nchi iliyobanwa milimani, ndogo kama punje ya choroko. Yeye mwenyewe alishaijaribu mara tatu, na mara zote jirani mkubwa aliimeza. Philomena akamtazama mtawala wake: kijana mwenye ndevu za kuhesabika, amekaa kwenye kigoda ndani ya ukumbi usio na kitu kingine. Akampa jina la Masalu. Kigoda ndicho kilichomkamata.

Baba yake Philomena, mzee Mihayo, alikuwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji chini ya mtemi. Philomena alikuwa na miaka kumi utemi ulipofutwa. Hakuna aliyempiga baba yake wala kumtukana. Walikuja watu wawili wenye adabu, wakanywa maziwa, wakaondoka na cheo. Kigoda kikabaki uani, kuku wakakizoea, na mzee akawa anakizunguka kila apitapo, kama vile kuna mtu amekikalia. Hayo Philomena hakumsimulia mtu. Alisema tu, "Huyu hatatoka hapa."

Shida ilikuwa dhahabu. Masalu alikuwa nayo kumi na nne, na kila mwezi iliongezeka chembe isiyofika moja, nayo chembe hiyo iliishia kwa wapishi na farasi.

"Hakuna duara, shimo la kuchimba dhahabu?" aliuliza Philomena. Marehemu mumewe Magesa alichimba Geita miaka kumi na minane, akarudi na kikohozi.

"Unaweza kuchimbisha, Bibi. Ni dhahabu mia tatu."

"Kumbe na huko dhahabu inatafutwa kwa dhahabu."

Januari akamshauri amkamate tajiri yeyote, amtie ndani, adai fedha ndipo amwachie.

"Kumfunga mtu asiye na kosa ili alipe atoke? Hiyo naijua, haihitaji kompyuta."

Philomena akapandisha kodi. Wakulima wakanuna, nyuso zao zikageuka nyekundu kwenye kioo, naye akaishusha siku hiyohiyo kwa aibu.

Ndipo mke waliyemwoza Masalu akazaa binti. Miaka ya gemu hupita upesi. Akazaa mwingine, na mwingine. Kila mmoja Philomena alimpigia vigelegele, mpaka mteja aliyekuwa akipigwa picha ya pasipoti akatoka amefumba macho. Walipofika watano, Aneth akasikitika.

"Bibi, hatuna mrithi wa kiume."

"Tuna ng'ombe. Hesabu mwenyewe. Ishirini kwa kila mmoja, na yule wa tatu anajua kucheka, huyo ni thelathini."

Binti wa kwanza akakua. Aneth akabonyeza, harusi ikapita. Philomena akasubiri. Kumi na nne ikabaki kumi na nne.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Kwenye gemu hili hakuna mahari, Bibi. Mnakuwa marafiki tu."

Hakunywa chai ya saa nne. Aliona ameibiwa mchana kweupe, tena ameibiwa mtoto. Ilipofika saa saba ndipo alipofungua mdomo.

"Kwetu, kijana asiye na ng'ombe huja kulima shamba la wakwe. Huo si urafiki, ni deni. Hao wanne waliobaki nitawachagulia waume mwenyewe. Sitaki matajiri. Nitafutie wenye mabega, na wasiwe mbali."

Januari alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Mmoja wa wakwe aliowachagua alikuwa bwana wa kinamasi, mwingine wa kisiwa cha mawe, mwingine hana hata ukuta.

"Cheka, mume wangu," Philomena alimwambia. "Meno unayo. Ng'ombe ndio huna."

Jirani mkubwa, ambaye Philomena alimwita Kitambi, alitangaza vita Jumanne, saa tano asubuhi. Alikuwa na askari elfu nne. Masalu alikuwa na mia mbili na sitini, na dhahabu ya kukodi wengine haikuwepo. Januari akatazama, akavua kofia.

"Pole, Bibi. Mimi huwa nafia hapa."

Philomena alikuwa akikitazama kigoda. 

"Waite wakwe."

"Wanaweza kukataa," alisema Aneth.

"Na deni lote lile? Waite."

Aneth akabonyeza mara tano. Barua ya kwanza ikarudi na muhuri mwekundu: anakuja. Ya pili, anakuja. Kila ilipofika moja Philomena alinong'ona "wabeja", akishukuru kwa lugha ya nyumbani, mpaka zikatimia tano.

Kisha ramani ikaanza kutembea. Bendera ya kijani ilitoka kinamasini. Nyingine ikavuka maji kutoka kisiwani. Nyingine ikashuka kutoka kwenye theluji, kitu ambacho Philomena alikuwa amekiona kwenye friji za soda tu. Watu wadogo kuliko sisimizi, kila mmoja na mkuki wake, walikuja kwa mistari mirefu kutoka pembe zote, milima ikawa inameremeta kwa vyuma vyao. Walikuja kwa ajili ya wasichana watano aliowapigia vigelegele humu dukani, mguu juu ya boksi la karatasi. Aliyetangulia mbele ya wote alikuwa mkwe yule wa kwanza, aliyemfanya asusie chai.

Philomena alisimama, plasta na yote, bila kujua kama amesimama. Mwalimu aliyeleta mitihani aliiacha mashine itoe karatasi tupu. 

Vita vilichukua muda wa kuchemsha uji. Vumbi lilipotua, jeshi la Kitambi lilikuwa limetawanyika, na Kitambi mwenyewe yumo ndani ya gereza la Masalu, amekalia nyasi.

"Huyu sasa ana kosa," alisema Philomena taratibu. "Huyu alipe."

Alilipa mia tisa. Kumi na nne ikaruka, ikawa mia tisa na kumi na nne. Philomena akaigusa namba hiyo kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake.

"Tuchimbe duara, Bibi?" aliuliza Januari, kwa sauti ya kanisani.

"Bado. Wale wamekuja kwa miguu. Wagawie kwanza, wafike kwa wake zao wameshiba."

Aneth akagawa. Philomena akazisindikiza bendera kwa macho, moja moja, mpaka ya mwisho ikaingia kwenye theluji ikapotea. Masalu alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake, mvi zimeanza kuingia ndevuni. Philomena alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akarudisha mguu juu ya boksi.

"Januari. Mvua zinaanza lini mwaka huu?"

"Wanasema Novemba, Bibi."

"Jembe unalo?"

Januari akamtazama Aneth, ambaye alikuwa ameinamia mashine akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Akaitazama kompyuta.

"Nitanunua," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuposa, hakuongeza neno tamu lolote.