Matumizi ya Kopo Tupu

Kufikia mwaka wa sita wa shahada ya uzamivu, ukoo mzima ulikuwa umeshamchoka Mwalimu. Mwaka wa kwanza walimwita Daktari kwa mapenzi. Mwaka wa tatu wakamwita Daktari Mtarajiwa. Sasa walimwita Daktari tu, lakini huku wakitazamana, naye akiwahi kucheka kabla yao ili asiumie sana. Chuo nacho kilikuwa kimechoka. Kilimwandikia barua ya mistari minne: tasnifu ifike kabla bodi haijakaa Ijumaa saa nane mchana, la sivyo jina lake litafutwa. Alikwishaomba kuongezewa muda mara tatu, na sababu zilikuwa zimemwishia, za kweli na za kubuni.

Tasnifu yenyewe ilihusu watoto wenye vipawa, na jinsi walimu wanavyowapita bila kuwaona. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane na jambo hilo lilimuuma kwelikweli. Alizunguka shule tano, akawapa watoto mia nne na kumi na wawili daftari dogo lenye swali moja: kopo tupu la rangi linaweza kufanya kazi gani? Andika zote unazoweza kufikiria. Jibu lililoandikwa na wengi lilipata alama kidogo, jibu la pekee lilipata nyingi. Lisilojibu swali lilipata sifuri.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Kanuni inataka msahihishaji wa pili apitie sehemu ya madaftari bila kuona alama za wa kwanza, kisha alama za wawili hao zilinganishwe. Walimu wenzake walikuwa wamezama kwenye mitihani. Kila aliyemwomba alimpa pole na mgongo. Basi akamwendea wifi yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani aliyeishia shule ya msingi na ambaye hajawahi kumwogopa mtu. Akamwachia ukurasa mmoja wa maelezo na nakala safi za madaftari sitini, zilizopigwa kabla kalamu haijayagusa. Wifi akasahihisha kwa siku tatu, katikati ya sare za shule na gauni la bibi harusi msumbufu.

Alhamisi asubuhi Mwalimu akapiga hesabu ya ulinganifu. Ulitakiwa ufike angalau themanini kwa mia. Ukaja thelathini na moja. Akarudia mara mbili, ukagoma kupanda. Akatoka mbio mpaka kibandani kwa wifi, njia nzima akijitukana kwa kumkabidhi fundi nguo kazi ya kitaalamu.

Wifi hakubishana. Alisimamisha cherehani, akasukuma vitambaa pembeni, akasema waangalie daftari moja moja. Wakafungua namba themanini na nane. Kwenye nakala ya wifi alama zilikuwa kubwa kuliko zote. Kwenye daftari la Mwalimu kulikuwa na alama sita za kosa, kwa kalamu nyekundu, na sifuri nono chini yake.

"Soma," wifi alisema.

Mwalimu akasoma. Kumfunikia siafu ili adhani usiku umeingia. Kuwekea sauti ya baba akisafiri, halafu unafungua kidogo kidogo isiishe. Kumpa mtu asiye na kitu, naye awe na cha kupoteza.

"Haya si matumizi, wifi. Mtoto anachezea swali."

"Kopo kalitumia, hakulitumia? Umeuliza linaweza kufanya kazi gani. Hukusema ziwe kazi unazozijua wewe."

Mwalimu akafungua daftari jingine, na jingine, akitafuta pa kumkamata wifi. Hakupapata. Kila palipokuwa na sifuri palikuwa na jibu ambalo hakuna mtoto mwingine aliyelifikiria. Hakuwa amepima ubunifu hata kidogo. Alikuwa amesahihisha mtihani, kama alivyosahihisha miaka yote, na sura ya nne nzima, kurasa tisini na mbili za takwimu, ilikuwa ikiapa kwamba watoto wale hawana kitu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Alitamani kulia, lakini mlangoni alikuwa amesimama mteja aliyefuata suruali yake.

Alimpigia Profesa, msimamizi wake, akamweleza yote bila kujitetea. Profesa akamwambia wazi kwamba hawezi kuisaini kazi hiyo. Ila palikuwa na tundu moja. Bodi ingeweza kumpa miezi sita endapo angeonyesha kwamba kosa ni la msahihishaji, si la watoto wala la kipimo. Ampime upya mtoto aliyepewa sifuri, kwa kitu kingine, aone kama ataandika ya aina ile ile.

"Niletee hata mmoja," Profesa alisema. "Kesho kabla ya saa nane. Bila hilo sina la kuwaambia."

Shule nne zilikuwa mbali. Ya tano ilikuwa karibu, na ndiyo iliyokuwa na namba themanini na nane. Ijumaa saa tatu asubuhi Mwalimu alikuwa ameshafika, akiomba kuonana na mtoto huyo. Mwalimu wa darasa alicheka aliposikia ni nani. Ni msichana waliyekuwa wakimwita Bi Maswali, alieleza, lakini siku hizi ametulia, mpaka raha.

Wakapewa stoo ya vitabu. Msichana alikuwa na miaka kumi hivi, sweta limempwaya mikononi. Mwalimu akamwekea karatasi nyeupe: kipande cha kamba kinaweza kufanya kazi gani? Akajitia kutazama rafu ili asimbane. Miaka yake yote sita ilikuwa kwenye ile kalamu.

Msichana aliandika haraka, kwa mwandiko safi. Kufunga mzigo. Kuanikia nguo. Kuruka. Kufungia mbuzi. Akalaza kalamu, akakunja mikono.

"Kichwani hakuna vingine?" Mwalimu aliuliza.

"Vipo."

"Basi andika."

Msichana akatikisa kichwa. "Vile ni makosa."

"Nani amekwambia?"

Msichana alimtazama kwa adabu, kama asiyetaka kumwaibisha mtu mzima. "Wewe, mwalimu. Siku ile ulirudi na madaftari, ukatugawia tuone makosa yetu, halafu ukayakusanya. Langu lilikuwa jekundu lote."

Ni kweli alirudi. Hakuna kitabu cha utafiti kilichomtuma. Alirudi kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu hakai na kazi ya mtoto bila kumwonyesha alipokosa. Alifanya hivyo shule zote tano. Mwalimu alishika ukingo wa meza. Akachuchumaa, wakawa uso kwa uso.

"Nilikosea mimi, mwanangu. Yale majibu yako yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Nisamehe. Andika chochote unachotaka."

Msichana aliitikia, akashika tena kalamu kwa utiifu. Akafikiri sana, ulimi nje. Akaandika: kufungia ng'ombe. Kisha akainua macho kumtazama Mwalimu, aone kama amepata.