Meza Haiko ya Kuuzisha

Mwaka ule wa 1992, pale Kikula, mtaa wetu wa Likasi, ulikuwa ukitoa kiti nje ukae kivulini, kabla hujakikalia umeshaulizwa bei. Usicheke. Mimi mwenyewe nilianika godoro la mtoto aliyekojoa, wanawake wawili wakaja kulibonyezabonyeza. Nikawaambia wanuse kwanza.

Mambo yalianza pale majirani zetu wenye asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao. Kwao wapi, wakati wengi kitovu chao kimezikwa hapa hapa Likasi? Waliochoka walitoa vyombo mbele ya nyumba, wakaviachia kwa chochote, wakaenda kulala gare, pale stesheni, wakingoja treni. Kwa hiyo meza ya mtu ikionekana barabarani, mtaa wote ulishajua: na hao wanaenda.

Na jirani yangu Mama Georgette alikuwa na meza. Baba yake, aliyeletwa kijana kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, aliichonga kwa mikono yake, mbao za mulombwa, nyekundu kama nyama. Watu kumi wanaizunguka bila kugongana viwiko. Kila mwaka joto la Oktoba likianza, mabati yakianza kulia juani, nyumba ile ilikuwa na desturi yake ya matembezi, wenyewe wakiiita promenade. Jumapili baada ya misa wanatembea wote mpaka njia ya Kakontwe kununua masuku, yale matunda matamu ya porini, watoto wanarudi midomo inanata, meza inatolewa uani, na sisi wote tunakula. Nasema sisi wote kwa sababu sikumbuki Jumapili niliyokosa.

Mwaka ule hata mbingu hazikujua zinataka nini. Asubuhi jua la kubandua ngozi, mchana mawingu meusi, upepo, vumbi kwenye sufuria, halafu hakuna hata tone. Mume wake, Papa Barnabé, karani kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameambiwa asirudi kazini. Alishinda ndani na redio yenye betri zilizokufa, akiisikiliza hivyo hivyo.

Jumapili moja tukatoka misa pamoja. Mama Georgette amevaa pagne, kitenge chake cha Pasaka, watoto viatu vinang'aa. Kufika kwenye kona ya njia ya Kakontwe, tukakuta vijana wamekalia mawe katikati ya barabara, wanatutazama. Nikamshika mkono.

"Georgette, leo turudi."

"Minye nazaliwa hapa," akasema. "Sasa hata masuku, mpaka niombe ruhusa?"

"Mama Danielle, tafadhali," mume wake akamwambia. Danielle ni binti yao wa kwanza. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, na macho yake hayakutoka kwa wale vijana.

Mama Georgette akatazama viatu vya watoto, kimoja kimoja, kama anavisikitikia. "Bon. Kama sisi hatuende ku promenade, promenade itakuja kwetu."

Tulipofika akaamuru meza itolewe. Si uani, bali mbele ya ua, ukingoni mwa barabara, mahali kila mpita njia atalazimika kuizunguka.

"Bantu batasema tunauzisha," Papa Barnabé akamwambia.

"Baseme. Bao beko na kinywa, minye niko na meza."

Papa Barnabé akanyamaza. Nimeolewa mara mbili, najua kunyamaza kwa mwanaume. Huku kulikuwa na kitu ndani. Tulipokuwa tukitoa sahani, alitazama barabara mara nne.

Tukala. Bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na dagaa wa kugawana kwa busara. Mimi nikaleta viti vyangu viwili na maneno yangu yote. Wengine wakapita, wakauliza bei, wakaitwa wakae, wakakaa. Meza ikajaa, kukawa na kelele za Jumapili za zamani, mpaka tukasikia magurudumu ya chariot.

Alikuwa Zéphirin, anayesukuma mkokoteni wake nyumba kwa nyumba kununua vyombo vya wanaoondoka. Si mtu mbaya, nasema ukweli. Nyanya nimeuza na mama yake sokoni. Lakini miezi ile, sisi wengine tukikonda, yeye alinenepa.

"Yambo, bamama. Papa Barnabé, nafika juu ya ile meza."

Mama Georgette hakumtazama mume wake. "Meza gani?"

"Hii. Papa alisema leo, kisha misa."

"Ah. Papa alisema." Akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa, mutoto. Muntu habebake meza yenye iko na sahani juu."

"Minye sina njaa, mama."

"Nani anakuuliza njaa? Kaa."

Danielle akamletea maji ya kunawa. Na ukishanawa mikono mbele ya watu, utakataa vipi? Akakaa.

"Zéphirin," nikamwambia, "ile frigo ulinunua kwa mwalimu, ulikuta baridi yake ndani ao alienda nayo?"

"Mama Claire, biashara ni biashara."

"Ndiyo. Na tumbo ni tumbo. Kata bukari."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Papa Barnabé tu hakucheka. Mke wake akamgeukia, sauti ya chini, lakini meza ile huwezi kunong'ona juu yake.

"Ile meza ikienda, na sisi tunaenda. Ni ile unataka? Sema hapa, mbele ya bantu."

"Naogopa," akasema. Mwanaume mzima, mbele ya sombe yake. "Si meza. Ni batoto."

"Na minye naogopa. Lakini naogopa nikiwa nimekaa hapa. Ku gare, nitaogopa na bagage ku kichwa."

Mama Georgette akamwongezea Zéphirin bukari. Alipomaliza akamwongezea tena. Nikaelewa mchezo: chakula kisipoisha, meza haitoki. Ila sufuria nililiona lilivyo. Lilikuwa limebaki la kukwangua.

Hapo mbingu zikaamua. Upepo ukainua vumbi, tone moja likaanguka kwenye sahani yangu, kubwa kama haragwe, halafu mengine yote kwa pamoja. Watu wakanyakua sahani, watoto wakakimbia, na meza ikabaki tupu, inalowa.

Zéphirin alikuwa mwepesi. Akashika pembe moja. Papa Barnabé akashika nyingine, upande wa nyumba. Danielle na mimi tukashika zilizobaki, maana mbao za mulombwa hazibebwi na wawili. Mama Georgette hakugusa. Alisimama kwenye mvua na sufuria kiunoni, pagne ya Pasaka inamgandia miguuni, akimtazama mume wake.

Zéphirin akavuta. Papa Barnabé akasimama kama mti.

"Papa, chariot iko huku."

"Naiona."

Akaanza kurudi nyuma, hatua moja, ya pili, kuelekea mlango. Mimi na Danielle tukamfuata, Zéphirin naye akafuata. Angeiachia, ingemvunja vidole vya miguu. Mlango wa nyumba ile ni mwembamba, na meza haipiti mpaka uijue. Baba mkwe alimfundisha Papa Barnabé siku ya harusi.

"Laza ku ubavu," Papa Barnabé akamwambia. "Miguu mbili itangulie. Inama. Inama tena."

Zéphirin akainama, akabana kidole mlangoni, akasema neno ambalo Jumapili halisemwi. Meza ikaingia.

Ndipo Mama Georgette akaingia, maji yanamchuruzika usoni. Akamrushia Zéphirin taulo. "Unaona sasa namna inaingiaka. Kutoka ni nguvu zaidi."

Jumapili iliyofuata mawingu yalikuwa yale yale, na vijana walikuwa wamekaa kwenye kona ile ile. Nilipofika na viti vyangu, meza ilikuwa tayari barabarani. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa anapapasa mbao zake, akauliza bei.

"Haiko ya kuuzisha, mama," Papa Barnabé akamjibu, akimsogezea beseni. "Nawa mikono."