Kipimo Kinachopendelea Mbali

Dukani kwa Arbia, mjini Garissa, Mzee Munyao aliwekewa mezani vipimo viwili vya leza vya kupimia umbali, naye akavitazama kama mtahini.

"Adeer, chukua hiki kidogo," Arbia alimwambia, akimwita ami kwa Kisomali. "Mwisho wake mita mia sita, lakini ni cha gofu. Kikishika bendera kinatetemeka mkononi. Hicho kingine ni cha wawindaji."

"Nacho kinafika wapi?"

"Elfu moja. Lakini..."

"Na bei yake iko chini kwa shilingi elfu tatu."

"Iko chini, ndiyo, lakini adeer..."

"Mwanangu, mimi nilichimba mitaro ya maji mchana, nikasoma hesabu usiku. Kati ya elfu moja na mia sita, kubwa ni ipi?"

Arbia akacheka kidogo, akamfungia kile cha elfu moja.

Wanachama wa klabu yao ya gofu walikuwa wamemtuma yeye, katibu wao, achague kipimo kizuri cha bei nafuu, na Munyao hakuwa mtu wa kutumwa akafanya kazi nusu. Kwa jioni tatu alisoma kijitabu cha maelezo, kamusi kando. Palipoandikwa kwamba kifaa hupendelea kilicho mbali, alipiga mstari mwekundu kwa rula. Aliona hiyo ni sifa. Kisha akapima ukuta wa jirani kwa utepe, mita hamsini; kipimo nacho kikasema hamsini. Akaridhika.

Kabla ya hapo, umbali uwanjani ulikuwa kazi ya Dekow. Dekow alichunga ngamia Balambala miaka mingi, na sasa ndiye aliyetunza uwanja wao wa mchanga: alikwangua njia, akamwaga oili chafu kuzunguka mashimo ili mpira ubingirike, akapanda bendera kila asubuhi. Mchezaji alikuwa akitandika kipande chake cha zulia, anaweka mpira, kisha anamtazama Dekow tu.

Jumamosi ile wageni, wafanyakazi wa mashirika, walikuja kutoka Dadaab kugombea kombe. Mpaka shimo la mwisho walikuwa sare. Mureithi, nahodha wa Garissa, akatandika zulia lake.

"Mia moja na thalathini," Dekow akasema, kwa ulimi wake wa Kisomali unaogeuza p kuwa b na z kuwa s. "Usisidishe."

Munyao alikuwa ameshakiinua kipimo jichoni. "Mia moja hamsini na nane," akatangaza, kwa sauti ya kuwafikia wageni.

"Munyao, hiyo bendera nimeibanda mimi leo asubuhi, nikahesabu hatua kwa miguu yangu hii."

"Miguu haikwenda shule, Dekow. Hapa hatuhesabu ngamia."

Watu wakaangua kicheko. Dekow alikaza kikoi chake kiunoni.

Mureithi akabadilisha fimbo, akapiga kwa nguvu. Mpira ulipaa vizuri mno, ukapita juu ya bendera, ukatumbukia katika ua wa miiba nyuma yake. Wageni wakashangilia. Kombe lilikuwa lao.

"Katibu, kwani ulisoma nini hapo?" Mureithi akauliza.

Munyao akapima tena: mia moja hamsini na nane. Akasogeza kipimo pembeni, kwenye miiba mitupu isiyo na bendera mbele yake. Mia moja hamsini na nane. Ndipo mstari wake mwekundu ukamrudia. Bendera nyembamba kama kidole kipimo kilikuwa kimeipuuza, kikachukua ua ulio mbali zaidi. Kilifanya kile hasa alichokisifu.

Kabla hajafungua kinywa, Dekow akasema, "Ni ubebo. Umetoka mtoni ghafla."

"Upepo gani? Bendera imelala!" Mureithi akasema.

"Huko juu. Wewe mtu wa Nyeri, ubebo wetu utaujulia wabi?"

Watu wakacheka tena, na Munyao akatikisa kichwa kukubali. Alikubali! Uso ukamwaka kuliko jua.

Desturi yao ilikuwa kwamba baada ya mchezo, chai ikishamiminwa, katibu husimama akasoma taarifa ya siku. Munyao aliiandika kwa mwandiko wake wa kupendeza, na alipofika shimo la mwisho kalamu iliandika yenyewe: *upepo*. Akasimama, akasoma mpaka hapo, akashusha daftari.

"Endelea, Mzee," akasema Filsan, mtunza alama.

"Hakukuwa na upepo," Munyao akasema. "Kipimo kilipima miiba. Arbia alinionya nikamkatiza. Dekow alisema mia moja na thalathini, nami nikamtukana mbele yenu. Kisha akanifichia aibu, nikaipokea hiyo zawadi kimya."

Hakuna aliyecheka. Mureithi alitazama ndani ya kikombe chake.

"Nisamehe, Dekow."

Dekow alikunywa chai yake taratibu. "Kwa kweli ilikuwa mia moja thalathini na mbili," akasema. "Mimi bia nilikosea mita mbili. Keti, chai inaboa."

Munyao akaketi, lakini macho hayakuinuka. Alitoa mfukoni rula na kalamu nyekundu, akaliweka daftari sawasawa magotini, akaanza kulikata lile neno. Licha ya rula, mstari ukaenda upande.