Beseni la Gatesi

Mtaa mzima wa Baraka ulijua kwamba Gatesi alishuka kutoka milima yenye baridi ya Minembwe na mbegu za viola, maua madogo ya zambarau aliyoachiwa na marehemu mama yake. Walijua pia kwamba joto la ziwani lingeyaua. Aliyewatangazia ni jirani yake Constance, ambaye mdomo wake hauna mlango.

"Ile maua iko ya baridi, dada. Hapa itaiva kama majani ya sombe kwenye sufuria."

Gatesi aliyapanda kwenye beseni kuukuu. Kivuli kilipohama naye alilihamisha, kama watu wanavyosogeza mkeka. Bamama wa mtaa walikuja kumcheka, wakabaki wakinywa chai.

Vitumba vilipotokeza tu, malaria ikamlaza. Kitandani alilia, kwa kuwa jua la mchana lingemaliza kila kitu. Mara akasikia beseni likikwaruza uani, na Constance akiligombeza.

"We mugonjwa wa pili, sogea. Mi nilisema utakufa, lakini si leo."

Jioni Constance aliliingiza beseni chumbani. Ua la kwanza lilikuwa limefunguka, na bamama walisukumana mlangoni kulitazama.

"Nimeshaambia batu bote," alisema Constance, "kama viola ya Baraka inapita ya Minembwe kwa uzuri."