Wageni Tisa Waliotoka Izigo

Haidari Burhani alisema hajawahi kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Alilisema hilo Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa amekalia kona ya meza ya Kitengo cha Wageni mjini Bukoba na kuchovya chapati yake ya pili kwenye chai ya bosi. Alisema wapo waliopewa jicho la kununua ng'ombe na wapo waliopewa jicho la kuchagua mke. Yeye Mungu alimpa jicho la wageni. Mtu akishuka stendi, hata abadilishe shati na kofia, hawezi kupita mbele ya Haidari akawa wawili.

Bosi wake, Bwana Rutashobya, alivuta kikombe upande wa pili wa meza na kumwambia jicho hilo alipeleke kazini, maana Muleba walikuwa mbele.

Muleba walikuwa na wageni mia nne kumi na wawili. Bukoba ilikuwa na mia nne na wanne. Hesabu za robo mwaka zilifungwa kesho yake. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba maji yafuate wageni: upande utakaopendwa zaidi upewe bomba jipya, na bomba lipelekwe kwenye kata iliyolaza wageni wengi kuliko nyingine. Sababu zilielezwa vizuri kwenye semina yenye soda. Mwenyeji ameshazoea kukosa maji, mgeni hajazoea.

Kata iliyoongoza mjini ilikuwa Nshambya, na Nshambya ndiko alikoishi mama yake Haidari, Bi Zuena. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu Ramadhani. Chemchemi ilikuwa bondeni, hatua mia mbili kushuka na, kwa hesabu ya Bi Zuena mwenyewe, mia nne kupanda. Haidari alimwahidi bomba mlangoni. Aliahidi mbele ya majirani, tena kwa sauti, na sasa kila mama alipojitwika ndoo majirani walimuuliza kama hiyo ndiyo ya mwisho.

Zamani wageni walihesabiwa kwa vitabu vya nyumba za kulala wageni. Vitabu hivyo vilionyesha kwamba kila Jumamosi Bukoba hutembelewa na watu thelathini wanaoitwa John, wote wakitokea Dodoma, wote wakiwa na wake zao. Ndipo Rutashobya alipobuni kipimo cha kahawa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya hupewa akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, kutoka kwenye kikapu kidogo cha kusuka, na hakuna anayepoteza heshima hiyo kwa mtu anayemwona kila siku. Kila nyumba ikapewa fomu. Nyumba iliyotoa kahawa ilihesabiwa kuwa imelaza mgeni, kwa sababu ni aibu kumpa mtu kahawa ukamnyima pa kulala. Kahawa haidanganyi, alisema Rutashobya, na semina ikapiga makofi.

Saa tisa alasiri mvua ilianza, na chini ya ubaraza wa duka moja la Nshambya Haidari alimkuta mwanamume wa makamo, viatu mkononi. Aliitwa Evarist, mkulima wa Izigo kule Muleba. Alikuwa njiani kwenda Maruku, kwenye kituo cha utafiti, kuchukua miche ya migomba isiyoshikwa na mnyauko, na alitaka kulala kwa mtu wa ukoo wake aitwaye Mushumbusi. Nyumba hakuijua. Haidari alimwambia asijali, yuko na mtu wa serikali.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Zuena. Mwenyewe alikuwa chemchemini, kwa hiyo Haidari alishusha kikapu, akampa mgeni kahawa na kujaza fomu. Kisha wakaenda ya pili. Kwa adabu za pale mgeni haulizwi anakokwenda kabla hajamaliza kutafuna, na kila Evarist alipokaribia kumaliza, Haidari alikuwa ameshamshika mkono na kuaga. Walipita mgomba mmoja uliolala na mkungu wake mara tatu. Evarist alisema kwao Izigo kuna mgomba kama huo. Haidari alisema migomba ndivyo ilivyo.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Mushumbusi. Evarist alikula ndizi na maharage, akashukuru, akalala.

Asubuhi kila nyumba kati ya zile tisa ilimkuta Evarist sebuleni, akikunja blanketi. Akina Evarist wote walikuwa na shati lile lile la bluu lenye kifungo kimoja cha kahawia, na wote waliuliza waliolala usiku huo wameamkaje. Wenye nyumba walijibu wameamka salama, wakaweka maji ya uji. Mushumbusi aliona Evarist mwingine akipiga mswaki nyuma ya ua wa Bi Zuena, akamsalimia pia, maana ukoo ni ukoo. Kisha wote tisa walikwenda Maruku, wakapewa miche kumi kila mmoja, wakasaini kwa mwandiko mmoja na kurudi Nshambya.

Bukoba ilifunga hesabu na wageni mia nne kumi na watatu. Rutashobya alimpa Haidari mkono, akampa na chai nzima. Mtu wa Muleba alipiga simu kulalamika kwamba wao wangeshinda kama padri wao mgeni asingeugua, kwa kuwa walikuwa wakimhesabu kila anapovuka daraja kwenda kusalisha.

Bomba lilifika Nshambya kwa siku nne, mwendo ambao hata mazishi ya watu wakubwa hayajawahi kuupata. Lilisimikwa juu ya simenti, likafungwa kufuli, likawekewa mlinzi. Mlinzi alikuwa na orodha ya watu tisa. Haidari alisoma karatasi iliyotoka kwa wakubwa, akaisoma tena kwa sauti ya chini. Maji yalikuwa ya wageni. Mwenyeji aliruhusiwa kuyachota ili kumpelekea mgeni aoge, asubuhi na jioni, na mgeni mwenyewe hakuruhusiwa kubeba ndoo, kwa sababu mgeni anayebeba ndoo huhesabiwa kuwa mkazi. Siku ya tatu ya ugeni wenye nyumba walikuwa wamewapa akina Evarist majembe, kama ilivyo desturi, lakini Kitengo kikayakusanya yote. Mtu mwenye jembe ni kibarua, na kibarua ana safu yake kwenye fomu.

Kwa hiyo Bi Zuena sasa alitoka bombani na ndoo mbili za Evarist wake, kisha akashuka chemchemini kuchota ya kwake. Goti la kushoto nalo likaanza kuvimba. Majirani hawakumuuliza tena chochote, na hilo Haidari aliliona kuwa baya zaidi. Alimwambia mama avumilie mpaka hesabu zihakikiwe. Mama alimwambia sawa, mwanangu, na kumwomba apishe njia.

Siku ya kumi na moja alifika Violeth, mke wa Evarist, na basi la asubuhi kutoka Izigo. Alieleza kwamba kila jioni mumewe humpigia simu mara tisa kwa namba ile ile. Siku za mwanzo alifurahi. Rutashobya alimleta mpaka bombani, ambako akina Evarist walikuwa wamejipanga na taulo, na akamweleza utaratibu. Wageni wasingeweza kuondoka mpaka wahakiki waje, na wenyeji walikuwa wameambiwa wasimsindikize hata mmoja. Na Evarist, kwa malezi aliyolelewa, hawezi kutoka nyumba ya watu bila kusindikizwa.

Violeth aliwatazama mmoja mmoja, akanyoosha kola ya wa nne.

"Mume wangu alitoka nyumbani akiwa mmoja," alisema.

"Mama, takwimu zikishatoka hazirudi," Rutashobya alisema. "Ukimchukua hata huyo mmoja, tunatoka sare na Muleba."

"Muleba ndiko kwao, waitu. Na kwa kukoroma, mmoja ananitosha."

Rutashobya aliagiza aletewe kahawa. Violeth aliipokea, akaishika kiganjani bila kuitia mdomoni, akauliza ni nani aliyemtembeza mumewe nyumba tisa kwenye mvua. Akina Evarist wote walimwonyesha Haidari, kwa heshima, kwa mkono mzima.

Haidari alifungua faili lake. Alisema alimsindikiza mgeni kwa nia njema, nyumba kwa nyumba, akitafuta kama anavyotafuta mtu yeyote. Kata ni kubwa. Karani hawezi kujua kila mtu anakaa wapi, na Mushumbusi ni jina la watu wengi. Aliongea vizuri, na Rutashobya alikuwa ameanza kuandika maelezo hayo ili yasaidie wahakiki.

Bi Zuena alikuwa amepanda kutoka bondeni. Alitua ndoo yake kando ya simenti, akasubiri pumzi irudi.

"Haidari," alisema. "Mushumbusi tumepakana naye kibanja cha migomba. Paa letu lilipoezuliwa na upepo, kwake ndiko nilikokuzaa. Jumatano ile nilikuwa napandisha maji, nikakuona unampitisha mgeni mbele ya mlango wake mara tatu."

Rutashobya aliacha kuandika. Mushumbusi, aliyekuwa ameshika taulo la Evarist wake, alitazama chini.

Haidari aligeuza karatasi moja ya faili, kisha nyingine. Hazikuwa na kitu.

Bi Zuena aliikabidhi ndoo yake kwa Violeth aiangalie, akachukua nyingine iliyokuwa chini ya bomba, akauliza ni Evarist yupi ambaye bado hajaoga.