Kipimajoto cha Kuigiza

Kitendawili! Nyumba yangu kuta ni za matofali, paa la bati, lakini mlango nimeuchora kwa chaki; mkaguzi kapita, kasema iko sawa. Umeshindwa? Nipe mji. Mbale? Haya, nimekwenda Mbale, nimekula nikashiba. Jibu ni jaribio la mjukuu wangu Habibah.

Habibah huandika programu za kompyuta hapa kwetu Jinja. Aliandika moja ya kulinda friji ya chanjo katika zahanati moja kule Nabuyonga, Mbale: joto likipanda, simu ya nesi inalia. Kabla ya kuipeleka, aliijaribu. Friji iko mbali, kwa hiyo sehemu zote za programu aliziacha zile za kweli, ila ile ya kusoma kipimajoto. Mahali pake aliweka ya kuigiza, akaipa namba ya kusema. Ni kama kupika pilau kweli, kwa moto wa kweli, halafu anayeonja chumvi ameshaambiwa aseme imekolea.

Jumamosi umeme ukakatika Mbale. Kipimajoto kikanyamaza. Ile sehemu ya kweli, ambayo haikuwahi kujaribiwa, ikawa inarudia tu namba yake ya mwisho: baridi, baridi. Simu ya nesi haikulia, chanjo zikaharibika. Jumatatu akina mama waliotoka Busiu na watoto mgongoni wakarudishwa.

Jioni mkubwa wake wa kazi, bwana Semei, akapiga simu kutoka zahanati. Habibah akaifungulia spika, sote tukasikia. Mimi bibi yake, haboba kama anavyoniita, nilikuwa kando, nachambua mchele. Semei alikuwa na Jamiru, fundi aliyefunga kipimajoto.

"Waya umefungwa vibaya," Semei akasema. "Jamiru, wewe kazi imekwisha leo."

"Bwana mkubwa, kwani mimi ndiyo umeme wa Uganda?" Jamiru akacheka, kicheko kikavu. "Uliza na huko Jinja."

"Jinja jaribio lilipita lote. Sivyo, Habibah? Kwenye jaribio lako, nani alikuwa anasoma joto?"

Habibah akaitazama ile simu kama mtu anayetazama kisima. Jamiru tunamjua. Idi iliyopita alikula hapa, kwenye mkeka huu huu.

"Habibah, upo? Ama mtandao umepotea?"

"Mtandao upo, mwanangu," nikajibu mimi. "Ngoja kidogo."

Mjukuu wangu akaisogelea simu.

"Hakuna aliyesoma, bwana Semei. Namba niliitunga mimi. Waya wa Jamiru hauna kosa."