Biriani Iliyozunguka Ndia Kuu

Odera alikuwa fundi wa mtandao, na kampuni yake ilikuwa imekodi chumba cha chini katika nyumba ya Bi. Mehrunnisa, mtaa wa Ndia Kuu, ikaweka humo ruta kubwa. Ya pili ilikuwa Kilindini. Kazi ya Odera ilikuwa kuzifanya hizo mbili zipeane lebo, yaani namba za kupitishia mizigo, nazo tangu asubuhi zilikuwa zimekataa katakata.

"Una nini na hicho chuma, mwanangu?" aliuliza Bi. Mehrunnisa.

"Hakijasalimiwa, bibi. Upande wa Kilindini walisahau kuwasha salamu. Ruta zikishasalimiana, kila moja humpa jirani yake namba: mzigo wa fulani ubandike hii, unipe. Nami nikiupokea, naibandua, naweka namba niliyopewa na jirani wa mbele, nausukuma. Hakuna haja ya kusoma anwani nzima."

"Wala kujua uendako?"

"Wala."

Bi. Mehrunnisa akaondoka kama mtu aliyepata habari za mirathi. Jioni Kilindini wakawasha salamu, ruta zikaelewana.

Odera aliporudi wiki iliyofuata kukagua, alikuta mtaa mzima unapelekeana vyakula kwa namba. Sinia zilipita zimefunikwa kawa, juu yake kipande cha karatasi. Bwana Adamji wa duka la vitambaa alibandua namba, akabandika nyingine, akampa Kashif kinyozi, huku mteja angali anangoja kupimiwa. Odera alifurahi hata akapiga picha.

"Usifurahi," alisema Bi. Mehrunnisa. "Biriani ya Aida imepotea. Nimeipeleka tangu adhuhuri."

Mlango wa Aida ulitazamana na wake; ungeweza kumrushia limau akalidaka.

"Mbona hukuvuka tu, bibi?"

"Na utaratibu?"

Odera akaifuata biriani. Adamji alisema ilikuja na arubaini, akaweka ishirini na sita, akampa Kashif. Kashif alisema aliweka kumi na tisa.

"Ukampa nani?"

"Bi. Mehrunnisa. Si ndiye jirani wa Aida?"

Naye Bi. Mehrunnisa, kila alipopokea kumi na tisa, alibandika arubaini akampelekea Adamji.

"Bibi, hukulitambua bakuli lako?"

"Siku hizi hatufunui, mwanangu. Twasoma namba."

Odera akavuka njia kumwuliza Aida mbona hajatoa namba. Aida alimfungulia amekunja uso. "Namba nimpe nani? Wapita mbio na masinia yao, hapana apigaye hodi. Asiyenisalimu nitampaje namba?"

Odera akaona haya. Habari ya salamu aliitaja mwenyewe, lakini haraka haraka. Akamshika Bi. Mehrunnisa mkono, akamvusha njia. Wanawake wale wakasalimiana mpaka wakamaliza watoto, wajukuu na goti la Aida. Ndipo Aida akatoa namba yake: tatu.

Odera akanyoosha mkono kuliendea bakuli, lililokuwa limefika kibarazani kwa Kashif.

"Liache!" alimaka Bi. Mehrunnisa. "Hilo laja kwangu na kumi na tisa. Mngoje Kashif."

Wakamngoja amalize kunyoa. Kashif akalileta, kumi na tisa ikabanduliwa, tatu ikabandikwa, biriani ikavuka njia.

Aida akafunua kawa. "Viazi viko wapi?"

Kashif akatazama juu. Bi. Mehrunnisa akausifu upepo. Aida akawatazama wote wawili, kisha akamsogezea Odera kigoda na maji ya kunawa. Wali ulikuwa umepoa kabisa. Wakaula hivyo hivyo.